Bega Langu na Muujiza wa Brooklyn Center

Siku niliyopiga ukunga kwa maumivu mbele ya madhabahu, kanisa zima lilisimama na kupiga vigelegele.

Sitanii.

Mimi nalia, wao wanacheza. Mpiga kinanda kaongeza sauti. Mchungaji kaushika mkono wangu wa kulia kauinua juu kabisa, kama refa anavyomtangaza bondia. Kamasi zinanitoka, machozi yananitoka, na kaka wa kamera anasogea karibu ili aupate uso wangu vizuri.

Video ikapandishwa kwenye ukurasa wa kanisa mchana huo huo. DADA APONYWA BEGA PAPO HAPO.

Ndugu zangu, bega lile halikupona. Na muujiza ule nusura uninyime haki yangu. Kaeni vizuri, maana hasira bado ninayo na leo naitoa yote.

Naitwa Ernestina. Kwetu ni Muleba, ila miaka mingi sasa niko Minnesota. Nililetwa na masomo, nikabakizwa na maisha. Naishi Fridley na binti yangu Fiona, mimi na yeye tu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba moja ya wazee kule Blaine. Kuwageuza, kuwainua, kuwaogesha. Kazi ya mabega hiyo, usiione hivi hivi.

Kanisa letu liko Brooklyn Center. Ibada ni ya Kiswahili, Wakenya ndio wengi, sisi Watanzania tunajazia. Na kila benchi lina manesi wawili watatu. Mkubwa wao ni Philister, Mkenya, nesi mwenye leseni yake, mkuu wa kitengo cha afya cha kanisa.

Basi Jumamosi moja ya Oktoba tulikuwa na kikao cha wanawake, na baada ya kikao siku ya afya. Presha, sukari, na chanjo ya mafua.

Hapa nieleweke mapema. Mimi si mpinga chanjo, sikuwa na sijawa. Wazee ninaowahudumia mafua yanaweza kuwaua, kwa hiyo nachanja kila mwaka. Wale wenye nadharia zao wasije kujipikia ugali kwenye moto wangu.

Tatizo langu halikuwa dawa. Tatizo lilikuwa gauni.

Siku ile tulivaa sare, kitenge cha zambarau kilichoshonwa Dar es Salaam kwa vipimo tulivyotuma kwa WhatsApp. Fundi sijui alipima mkono wa nani. Mikono ya gauni langu ilibana mpaka kwenye kiwiko, ukiikunja haipandi. Kuvua nisingeweza, zipu iko mgongoni na ukumbi umejaa mashemasi wanaopanga viti. Pazia hakuna.

"Dada, mkono wa gauni haupandi," nikamwambia Philister.

"Wacha tu, siz. Shusha hapo kwa shingo kidogo, itatosha. Line ni refu."

Nikaivuta shingo ya gauni mpaka ikafika begani. Mimi nimekaa, yeye amesimama. Sindano ikaingia juu kabisa, pale kamba ya mkoba inapokaa, karibu na mfupa.

Nimechomwa sindano nyingi maishani. Ile ilikuwa msumari.

"Philister! Umenichoma wapi?"

"Ni soreness tu. Kesho utakuwa sawa. Next!"

Jioni sikuweza kuinua sufuria. Fiona ndiye aliyenifungua sidiria, mtoto wa miaka kumi na tano, tukaona aibu wote wawili. Nikampigia Philister. Akaniambia niweke barafu, nimeze dawa ya maumivu, nilale.

Kulala gani?

Asubuhi yake Jumapili nikaenda ibadani hivyo hivyo. Wakati wa sifa, Mchungaji Jairus akasema tuinue mikono yote miwili. Nikainua wa kushoto peke yake.

Akaniona. Jairus ana macho ya mwewe akiwa pale mbele.

"Dada Ernestina, kwa nini unampa Mungu mkono mmoja?"

Watu wakacheka. Akanisogezea kipaza sauti mdomoni.

"Bega linaniuma, Mchungaji. Tangu jana nilipochomwa sindano."

Maneno hayo yawekeni akilini, mtayahitaji.

Akaniita mbele. Akaomba kwa nguvu, jasho likamtoka. Kisha bila hata kunitahadharisha akaukamata mkono wangu na kuuvuta juu.

Nilisikia kitu kimekwaruza ndani ya bega. Nikapiga ukunga. Na kanisa, Mungu awasamehe, likadhani ni furaha.

Sasa niambieni, pale ningesema nini? Watu wanalia, wanakumbatiana, mama mmoja ameanguka chini. Nishike kipaza sauti niseme jamani hapana, ananiumiza? Nilirudi kwenye benchi nimeubana mkono kifuani. Velma, mwenyekiti wetu wa wanawake, akaninong'oneza, "Shikilia uponyaji wako, dada. Usikiri maumivu."

Nikashikilia uponyaji. Maumivu nayo yakanishikilia.

Fiona akaipakua ile video, akamtumia bibi yake Muleba. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, simu anaijua kuliko mimi, na anapenda kutuona tukiwa kanisani. Tangu siku hiyo kila tukiongea lazima aniulize, "Mkono haujambo?"

"Haujambo, Mama."

Nilidhani anashangilia muujiza kama wengine.

Miezi ikapita. Mtauliza, Ernestina, hospitali je? Nicheke sasa. Niende hospitali kufanya nini wakati hospitali nzima nasali nayo? Huyu nesi ananiambia nilalie upande wa pili. Yule nesi ananipa mazoezi ya ukutani. Mwingine akaniletea dawa ya kuchua kutoka Nairobi, inanuka mpaka abiria wa basi walikuwa wanahama viti. Na ningeenda kwa daktari, ningemwambia nini Velma? Kwamba nimeuachia uponyaji wangu?

Ushauri wa bure ni mtamu. Ubaya wake hauachi alama mahali popote.

Theluji ikaja. Gari nakwangua barafu kwa mkono wa kushoto. Koti nafungwa zipu na mtoto. Mpaka siku moja mwezi wa pili, kazini, mzee mmoja akateleza nikiwa namtoa bafuni. Nikamdaka kwa mkono wa kulia, na mkono ukakataa. Ukaachia tu. Kama mwenzangu asingekuwa mlangoni, yule mzee angepasuka kichwa mbele yangu.

Bosi akanipunguzia zamu, akasema kwa upole kwamba hawezi kumpa mtu wa mkono mmoja kazi ya mikono miwili. Hakuwa na makosa.

Kesho yake nikaenda kwa daktari. Nikapigwa picha. Ndani ya bega kuna uvimbe, kuna maji, na kano moja imechanika. Daktari akaniomba nimwonyeshe nilipochomwa sindano. Nikaweka kidole. Akapagusa.

"Hapo ni juu mno," akasema.

Akanieleza kwamba sindano ikiingia pale inaweza kuumiza kiungo chenyewe. Kwamba jambo hili hutokea mara chache lakini linajulikana, na nchi hii ina mfuko maalumu wa serikali wa kuwafidia watu kama mimi. Mimi ninayeshinda na manesi, sijawahi kuusikia.

Nikapata wakili, mama mmoja wa Kimarekani anaitwa Rachelle, ofisi yake iko St. Paul. Akanieleza taratibu mpaka nikaelewa.

Kwanza, dai linapelekwa dhidi ya serikali. Nesi hashtakiwi. Pili, hata yeye wakili analipwa na mfuko ule ule, mimi sitoi kitu. Tatu, na hapa ndipo kazi ilipo, lazima tuonyeshe kwamba maumivu yalianza ndani ya saa arobaini na nane baada ya sindano, na kwamba yaliendelea zaidi ya miezi sita.

Nikasema hilo ni jepesi. Maumivu yalianza nikiwa bado nimekaa kwenye kiti!

"Mimi nakuamini," akasema Rachelle. "Sasa tafuta mtu mwingine wa kukuamini."

Nikampigia Philister kumwomba kumbukumbu za chanjo. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Jumapili iliyofuata alinisubiri kwenye maegesho, baridi inakata masikio, koti hajafunga hata kifungo.

"Ernestina, nimeskia unani-sue."

"Sikushtaki, Philister. Nadai kwenye mfuko wa serikali. Wewe si mshtakiwa."

"Usinibebe ujinga! Serikali gani hulipa watu hivyo tu? Wakimalizana na wewe watanikujia mimi. Hii licence nimeitafuta nikifanya double shift na watoto wadogo kwa nyumba. Wakiichukua, watoto wangu watakula nini?"

"Na wangu atakula nini? Mkono hauinuki!"

"Ulipona! Sisi wote tuliona!"

"Nilikupigia Jumamosi ile jioni. Uliniambia niweke barafu. Nilikuwa nakupigia nikusalimie?"

Akapekua mkoba akitafuta funguo za gari. Nikaona anajua. Nawaambia, yule mwanamke alikuwa anajua.

"Sikumbuki," akasema, akaingia kwenye gari.

Ningempiga. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima.

Kanisani salamu zikaanza kupungua. Velma akaniondoa kwenye zamu ya chai bila kuniambia. Wengine wakasema nimepofushwa na pesa za wazungu. Mtu mmoja alisimama kwenye maombi akaombea wale wanaotumiwa na shetani kuwaangamiza watumishi, jina hakutaja, ila shingo zote zikageuka kwenye benchi langu.

Mtaniuliza kwa nini sikuhama. Nihame kwa nini? Kanisa lile nilifagia sakafu yake kabla Jairus hajafika Minnesota. Nilikaa.

Kisha jibu la serikali likaja. Wanasema hakuna daktari aliyenisikia nikilalamika kuhusu bega mpaka mwezi wa pili. Wanasema kazi yangu ni kuinua watu wazito, kwa hiyo labda niliumia kazini. Rachelle alinisomea kwa simu nikiwa napika. Nikatupa mwiko ukutani.

"Una kitu chochote cha siku mbili zile za kwanza?" akaniuliza. "Bili ya simu inaonyesha ulizungumza na nesi, haionyeshi mlizungumza nini. Picha? Ujumbe? Chochote?"

Nikauokota mwiko. Kisha nikamwambia, kwa aibu, kwamba iko video moja.

"Nasema kwenye kipaza sauti kwamba bega linauma tangu jana nilipochomwa sindano. Lakini Rachelle, video yenyewe inasema nimepona."

"Ilete hivyo hivyo. La kupona tutalijibu."

Nikamwita Fiona anitafutie. Akatafuta, akatafuta tena.

"Mom, it's gone. They took it down."

Nilikwenda ofisini kwa Mchungaji Jairus siku ile ile bila miadi.

"Video yangu iko wapi?"

"Keti kwanza, dada."

"Sikai. Iko wapi?"

Akafuta miwani yake polepole. "Ile video imebariki watu wengi sana. Nimeskia unaenda kortini useme hukupona, nikajua hiyo video mtaitafuta. Mimi siwezi kuruhusu muujiza utumike hivyo. Nimei-delete. Wewe fikiria vizuri, ukisimama mbele ya mataifa useme hukupona, unamwita nani mwongo?"

"Mchungaji, Mungu hakunivuta mkono. Wewe ndiye uliyenivuta."

"Dada Ernestina..."

"Ulinivuta nikalia, ukashangilia. Na sasa unaniambia nimlinde Mungu, kumbe unataka nikulinde wewe!"

Niliufunga mlango kwa kishindo mpaka kalenda ya ukutani ikaanguka. Nilikaa garini nikalia kwa hasira. Tusiyachanganye machozi hapa, yale hayakuwa ya huzuni.

Nikamwuliza Fiona kama kwenye simu yake ipo. Simu yake ya wakati ule ilishazama ziwani kiangazi, pamoja na kila kitu kilichokuwemo.

Ndipo mtoto akasema, "But I sent it to Bibi, remember?"

Ili niipate ile video, ilibidi nimwambie Mama kwamba muujiza haukuwepo. Mama ambaye kila tukiongea anauulizia ule mkono. Mama mzee wa kanisa, aliye peke yake kule nyumbani. Nilizunguka na simu siku nzima.

Kesho yake mchana, wakati wa mapumziko, nikampigia nikiwa kwenye gari. Kule Muleba alikuwa ameshakula chakula cha usiku.

"Mama, kuna jambo. Ule mkono wangu..."

"Haujapona."

"Nani kakwambia?"

"Ernestina, mimi ndiye niliyekuzaa. Nisijue unavyolia? Niliona siku ile ile. Si nilikutumia sauti?"

"Sauti gani, Mama?"

"Nilimtumia Fiona akupe usikie. Akanijibu moyo mwekundu. Nikasema basi, mwanangu hataki kuniambia, nisimlazimishe. Nikawa naulizia mkono tu, siku utakayokuwa tayari useme."

Mnaona? Mtoto wangu Kiswahili anakielewa kikienda polepole. Kiswahili cha Mama kina kasi na Kihaya ndani yake. Alisikia sauti ya bibi yake, akajua anapendwa, akatuma moyo, akaendelea na mambo yake. Na Mama akangoja zaidi ya mwaka mzima nimwambie ukweli.

Mama hakufuta kitu. Video ipo. Sauti ipo. Akapiga picha ya skrini yenye tarehe na saa, akanitumia vyote kabla sijamaliza kupangusa macho.

Nikaifungua ile sauti.

"Fiona, mpe mama yako asikie. Ernestina, nimeiangalia hii video mara tatu. Wanasema umepona. Wewe hulii hivyo ukifurahi. Hivyo ulilia siku ulipovunjika mguu darasa la nne. Umesema mwenyewe bega linauma tangu jana tangu sindano, sasa huyo mwanamume anakuvuta kama mbuzi wa mnadani kwa nini? Kesho Jumatatu nenda hospitali. Usimsikilize mtu. Na huyo mchungaji mwambie..."

Hapo akaingia Kihaya. Siwezi kukiandika, ukurasa huu unasomwa na watoto.

Rachelle aliposikiliza na mkalimani, alicheka mpaka akakohoa. Vyote vikatafsiriwa rasmi, na kile Kihaya nacho, neno kwa neno, kikapelekwa kwa mawakili wa serikali. Video inaonyesha maumivu yalianza lini. Sauti inaonyesha kwamba siku ile ile ya muujiza yupo mtu aliyejua sikupona. Picha za bega na maelezo ya daktari zikamaliza yaliyobaki.

Serikali ikakubali kunifidia. Kiasi hakiwahusu, na wenye kutaka mikopo wapite kimya kimya. Nimefanyiwa upasuaji. Mkono sasa unafika usawa wa sikio, zaidi ya hapo daktari hatoi ahadi.

Mngedhani imeisha.

Jumapili moja baada ya habari kuenea, Mchungaji Jairus akasimama mbele na tabasamu lake lote.

"Kanisa, Mungu ni mwaminifu! Dada yetu Ernestina amepata breakthrough. Njoo, dada, njoo utoe ushuhuda wa kile Bwana amekutendea kwa lile bega!"

Nilimtazama nikadhani nimesikia vibaya. Mtu aliyefuta ushahidi wangu anataka kuzivisha zile fedha taji la muujiza wake!

Nikapanda.

Kamera ikawashwa. Kipaza sauti nikakishika kwa mkono wa kushoto, simu nikaishika kwa mkono wa kulia, mkono ule ule.

"Ushuhuda wangu ni mfupi," nikasema. "Atautoa mama yangu."

Nikaweka simu kwenye kipaza sauti, nikabonyeza.

Sauti ya Mama ikajaa kanisa zima. Wewe hulii hivyo ukifurahi. Anakuvuta kama mbuzi wa mnadani. Nenda hospitali. Usimsikilize mtu. Mhaya mmoja aliyekaa nyuma akajifunika uso kwa Biblia ilipofika ile sehemu ya mwisho.

Safari hii hakuna aliyepiga vigelegele. Kaka wa kamera aliishusha kamera mwenyewe bila kuambiwa. Jairus alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, nikamtazama mpaka akaurudisha.

Philister alikuwa benchi la tatu. Mpaka leo hakuna aliyempigia simu kuhusu leseni yake. Mpaka leo hajaniomba msamaha, na mimi sijaacha kukasirika, msinihubirie.

Lakini Oktoba iliyopita, siku ya afya, nilikuta kwenye ukumbi pazia la kitenge limetundikwa kwa kamba, na nyuma yake viti viwili, cha anayechanjwa na cha nesi. Nikamsikia akimwambia dada aliyenitangulia, "Vua huo mkono wa nguo kabisa, siz. Hata kama line ni refu."

Nilipoingia mimi hakunisalimu. Nikavua mkono wa kushoto wa gauni. Akakaa chini, akapima kwa vidole viwili kutoka kwenye mfupa, akanichoma pale panapotakiwa.

Fundisho langu mnalo. Unapochanjwa, vua mkono wa nguo, aibu ya bega wazi hupita. Ukiumia, sema umeumia siku ile ile, tena kwa daktari anayeandika. Na atakayekuambia umepona wakati wewe unajua hujapona, hata akiwa na kanisa zima nyuma yake, mwambie ausubiri mkono wako mpaka utakapouinua mwenyewe.